Mbwa wa mnyororo hamlindi mtu: atolewe, atembee na mwenye nyumba

Kwenye malango mengi ya Lubumbashi, tangu Golf hadi Bel-Air, kuna kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: « Chien méchant ». Mbwa mkali. Nyuma ya lango hilo, mara nyingi, kuna mnyororo wa metre mbili, sufuria ya zamani iliyobonyea, na mnyama ambaye tangu aletwe akiwa mdogo hajavuka barabara hata siku moja. Usiku anabweka. Mchana analala. Watoto wa nyumba wanakatazwa kumkaribia, majirani wanamchukia, na mwenye lupangu akiulizwa kwa nini anamfuga, anajibu kwa neno moja: wezi.

Jibu hilo linaeleweka. Katika mji ambamo umeme unakatika usiku na wezi wenye silaha wanaingia katika nyumba za watu, hakuna anayeweza kumcheka baba wa familia anayetafuta mlinzi. Lakini mbwa anayemaliza maisha yake yote kwenye mnyororo halindi vizuri, hamfurahishi mtu, na siku mnyororo ukikatika anaweza kumuuma mtoto wa nyumba kabla ya kumuuma mwizi. Mlinzi wa kweli ni mbwa anayeishi pamoja na watu na kutembea nao. Tena, zaidi ya ulinzi, mbwa wa namna hiyo ni furaha ambayo familia nyingi zinajinyima bure, wakati iko pale pale uani, imefungwa kwenye mti wa mwembe.

Asubuhi moja upande wa Kasapa

Chukua mfano wa mwalimu aliyestaafu, anayekaa upande wa barabara ya Kasapa, mbele kidogo ya majengo ya chuo kikuu. Pensheni yake ni ndogo na inachelewa. Watoto wake wameoa na kuolewa, wengine wako Kolwezi, wengine Kinshasa. Madaktari wamemwambia atembee kwa sababu ya tansio. Kwa miezi kadhaa hakutembea: mtu mzima kutoka nyumbani asubuhi bila kazi, bila shamba, anakwenda wapi? Watu watasema nini?

Kisha mjukuu wake anamletea mbwa mdogo, wa rangi ya kahawia, mwenye sikio moja lililosimama na lingine lililoanguka. Anaitwa Simba, kama nusu ya mbwa wote wa Congo. Baada ya miezi michache Simba ndiye anayeamua ratiba ya nyumba. Saa kumi na mbili za asubuhi anakaa mbele ya mlango, kamba mdomoni, anamwangalia mzee bila kupepesa macho. Mzee anavaa koti, maana mwezi wa sita baridi ya Lubumbashi haina mchezo, na wote wawili wanatoka.

Hawaendi mbali. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Wanapita mahali nyumba zinapoanza kupungua na majani kuanza kuwa marefu. Wanakutana na vijana wanaosukuma baisikeli zilizobeba mifuko ya makala, wanakutana na mama anayekwenda shambani na jembe begani. Simba ananusa kila kichuguu. Vichuguu vya upande ule vinajulikana: vingine ni virefu kuliko nyumba. Mzee amepita pale miaka mingi ndani ya basi bila kuviona. Sasa anavijua kimoja kimoja, kwa sababu mbwa anasimama, na mtu aliyeshika kamba hana budi kusimama naye.

Mvua za kwanza zikifika, mwezi wa kumi na moja, njia inabadilika. Udongo mwekundu unanata kwenye viatu, uyoga unaanza kuonekana chini ya miti, akina mama wanapanga mafungu yao kando ya barabara. Mzee anarudi nyumbani na uyoga ndani ya mfuko. Simba anarudi na matope mpaka masikioni, amefurahi kama mtoto aliyetoroka kuoga.

Kitu kingine kimebadilika. Mtu anayetembea peke yake anasalimiwa tu. Mtu anayetembea na mbwa anasimamishwa. Watoto wa njiani wanauliza kwa mbali: « Papa, ile imbwa yako inauma? » Mzee anajibu: « Hapana, mwana. Haiume mutu. Kuya pole pole. » Siku ya kwanza wanakimbia. Siku ya tano mmoja anagusa mgongo wa Simba kwa kidole. Mwezi wa pili wanamwita kwa jina, na mzee naye wanamwita « papa Simba ». Mwalimu aliyekuwa anakaa kwenye kiti mchana kutwa sasa ana watu wa kusalimiana nao barabara nzima.

Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila juma. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Hakuna haja ya ukumbi wa michezo wala ya viatu vya bei. Mbwa hatoi ordonansi, lakini hakubali visingizio.

Si jambo la wazungu

Hapa wengi wanatikisa kichwa. Kutembeza mbwa, wanasema, ni mambo ya wazungu, ya filamu za televisheni, ya watu walioshiba. Hiyo si kweli, na Wakongomani wangepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo.

Katika misitu ya kaskazini mwa nchi, huko Ituri na Uele, wawindaji wametembea na mbwa wao tangu zamani sana. Mbwa hao ni wadogo, wana masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja juu ya mgongo, na hawabweki kama mbwa wengine; wanatoa sauti ya ajabu inayofanana na wimbo. Kwa kuwa hawabweki, mwindaji anawafunga kengele ya mti shingoni, ili ajue wako wapi ndani ya pori. Mbwa na mtu wanaondoka pamoja asubuhi, wanarudi pamoja jioni. Hakuna mnyororo.

Mbwa hao leo wanajulikana ulimwengu mzima kwa jina la basenji. Walionyeshwa London mwaka wa 1895, katika maonyesho ya Crufts, na watu wakashangaa. Karibu miaka 90 baadaye, wafugaji kutoka Marekani walisafiri mpaka vijiji vya kaskazini mwa Zaire kutafuta wengine, ili kuongeza damu mpya katika kizazi chao. Kuna watu Ulaya na Marekani wanaolipa pesa nyingi kumpata mbwa huyo wa Congo, wanaamka asubuhi kumtembeza kwenye mvua na barafu. Na jina lenyewe linachekesha na kuhuzunisha: basenji ni ndugu wa neno washenzi, watu wa porini. Mnyama safi, anayejilamba kama paka, mwenye akili na mwendo mzuri, alipewa jina la dharau. Nyumbani kwake dharau hiyo haijaisha. Mpaka leo, mtu akitaka kumtukana mwenzake vibaya, anamwita imbwa.

Wakristo nao wana mfano wao. Katika kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, kijana Tobia anaanza safari ndefu pamoja na malaika, na mbwa wake anawafuata. Mbwa huyo hafanyi muujiza wowote. Anatembea tu pamoja nao, na mwandishi wa kale aliona hilo linatosha kuandikwa. Kwa Waislamu, mate ya mbwa yana hukumu yake ya usafi, na hilo linaheshimiwa. Lakini hata Kurani, katika sura ya Pango, inamtaja mbwa aliyelala kwenye kizingiti, amenyosha miguu ya mbele, pamoja na vijana waliokimbilia pangoni.

Na kwa anayetaka mfano wa leo, yuko upande wa mashariki. Katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, kikosi cha mbwa kilianza mwaka wa 2011 pale Rumangabo. Mbwa wa aina ya bloodhound, wenye masikio marefu na nyuso za huzuni, walifundishwa kufuata harufu ya wawindaji haramu. Pua ya mbwa ina chembe za kunusia zaidi ya milioni 100, wakati ya binadamu ina milioni 6 hivi. Lakini pua peke yake haifanyi kazi. Walinzi wa hifadhi wanaofanya kazi na mbwa hao wanawalisha, wanawasafisha, wanatembea nao. Bila uhusiano huo, mbwa hawezi kufuata njia kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Kinachotokea kwenye mnyororo

Mwaka wa 2015, watafiti wa Japani walichapisha utafiti uliozungumziwa sana. Walipima homoni inayoitwa oksitosini, ile ile inayoongezeka mama anapomtazama mtoto wake mchanga. Waliona kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana machoni kwa muda, homoni hiyo inaongezeka kwa wote wawili. Walipofanya jaribio hilo hilo na mbwa mwitu waliofugwa na watu, haikutokea. Miaka elfu kumi na tano au zaidi ya kuishi pamoja imeacha alama ndani ya damu. Mbwa ni mnyama aliyeumbika kuwa karibu na mtu.

Sasa mnyama wa namna hiyo anafungwa uani miaka minane, kumi, bila kuguswa. Anasikia watu wakicheka ndani ya nyumba na hawezi kufika. Anasikia hatua barabarani na hajui ni za nani. Anabwekea kila kitu: motari, muuza mikate, mvua, mbwa wa jirani. Baada ya juma moja hakuna mtu ndani ya nyumba anayeamka tena kwa sababu ya kelele zake. Usiku ambao mwizi anakuja kweli, mbwa anabweka kama kawaida, na mwenye nyumba anageuka upande wa pili wa kitanda.

Mbwa anayetembea na watu wake ni tofauti. Anajua sauti za mtaa, anajua nani anapita saa ngapi, anajua jirani ni nani. Akibweka saa nane za usiku, nyumba nzima inajua kuna kitu. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali. Maana yake ni kwamba mbwa anajifunza kwa mtu anayekwenda naye. Aliyefungwa peke yake anajifunza kwa nani?

Hatari kubwa zaidi ni kwa watoto. Mbwa mdogo anazoea ulimwengu hasa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ya maisha yake. Asipoguswa na watu, asiposikia magari, asipoona watoto katika kipindi hicho, baadaye atawaogopa. Na mbwa mwenye woga ndiye anayeuma. Kwa hiyo kibao cha « Chien méchant », mara nyingi, kinaeleza kosa la mwenye nyumba. Mbwa hakuzaliwa mkali, alifanywa hivyo.

Neno la lazima juu ya kichaa cha mbwa

Haiwezekani kusifu matembezi na mbwa bila kutaja kichaa cha mbwa, na anayefanya hivyo anawadanganya watu. Ugonjwa huu unaua karibu kila mtu ambaye dalili zake zimekwisha kuanza. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba unaua watu wapatao 59.000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba karibu visa vyote vya binadamu vinatokana na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wenye umri chini ya miaka 15.

Lakini huu ndio ugonjwa ambao dawa yake ya kuuzuia inajulikana tangu mwaka wa 1885, wakati Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister huko Paris. Chanjo ya mbwa ipo, anaanza kuipata akiwa na miezi mitatu hivi na kuirudia kama daktari wa mifugo anavyoelekeza. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa mahali fulani wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kuendelea. Na mtu akiumwa, jambo la kwanza si kwenda kwa mganga wala kuweka makala juu ya kidonda. Ni kuosha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha kukimbia kituo cha afya siku ile ile kwa ajili ya chanjo.

Matembezi na chanjo vinakwenda pamoja. Mbwa wa mnyororo hachanjwi kwa sababu hakuna anayethubutu kumshika wala kumpeleka popote. Mbwa aliyezoea kamba anapelekwa kwa daktari wa mifugo kwa miguu kama mtoto anavyopelekwa kwenye kipimo cha uzito. Lubumbashi ina bahati katika jambo hili: chuo kikuu cha mji huu kina kitivo cha udaktari wa mifugo, kinachofundisha vijana kila mwaka. Komini saba za mji zingeweza kushirikiana nao kuandaa siku za chanjo katika mitaa, Katuba na Ruashi kama vile katikati ya mji. Tarehe 28 mwezi wa tisa, Siku ya Kichaa cha Mbwa Ulimwenguni, ingekuwa nafasi nzuri. Kazi hiyo ni ya serikali, na raia wana haki ya kuidai.

Majibu kwa wanaokataa

Wengine watasema: watu wenyewe hawajala, nani ana nafasi ya kutembeza mbwa? Swali hili ni la haki katika nchi hii. Lakini matembezi hayaongezi hata franka moja juu ya bukari na vichwa vya ndakala ambavyo mbwa anakula tayari. Yanaomba muda tu. Na asiyeweza kutoa chakula, chanjo na nusu saa kwa siku, basi asifuge. Si aibu kutokuwa na mbwa.

Wengine watasema: mbwa akizoea watu atakuwa laini, hatalinda. Lakini mbwa hatofautishi mgeni na mwizi kwa kuchukia watu wote. Anawatofautisha kwa kuwajua watu wake.

Wengine tena watasema: usalama je? Hilo ni kweli. Kuna mahali pengi mashariki mwa Congo ambapo mtu hawezi kutembea porini asubuhi, awe na mbwa au asiwe naye, na kuna familia zilizokimbia vita zikaacha nyuma kila kitu, mbwa pia. Kwao, kutembea njia ya shamba bila woga ni sehemu ya amani wanayoidai. Ndiyo maana walio na njia tulivu mbele ya nyumba wasiidharau.

Kuanzia Jumamosi hii

Kinachotakiwa si kikubwa. Kamba imara ya metre mbili, si mnyororo. Njia isiyo na magari mengi. Asubuhi na mapema au jioni, si saa sita za mchana wakati ardhi inaunguza miguu ya mbwa. Maji kidogo ndani ya chupa. Macho kwenye majani marefu kwa ajili ya nyoka, na tangu mwezi wa nane macho kwenye moshi kwa ajili ya moto wa pori. Mkirudi, vidole vipite ndani ya manyoya kutafuta kupe. Mbwa aliyekaa kwenye mnyororo miaka mingi asipelekwe mbali siku ya kwanza: azungushwe ndani ya lupangu kwanza, kisha mpaka kona ya barabara, kisha mbele kidogo. Atakuwa na woga. Mwenye kumshika naye atakuwa na woga. Baada ya siku kumi wote wawili watakuwa wamejifunza jambo. Na watoto wa nyumba waende pia, mtu mzima akishika kamba.

Mwalimu wa upande wa Kasapa hana kibao kwenye lango lake. Usiku mmoja, Simba aliyezoea kunyamaza alibweka mara tatu, kwa sauti nzito. Mzee aliamka, jirani wa kulia akaamka, jirani wa kushoto akaamka, kwa sababu wote wanajua Simba habweki bure. Waliwasha taa za simu, wakaitana. Aliyekuwa juu ya ukuta alirukia upande wa nje na kukimbia.

Saa kumi na mbili za asubuhi Simba alikuwa mbele ya mlango, kamba mdomoni.